Mume wa Hofu ya Konsolata

Jumanne, tarehe 9 Juni 2071, niligundua kwamba mke wangu, niliyemzika mwezi wa pili, ana mume mwingine.

Nilikuwa Kihesa, kwenye kibanda umiza cha Mama Adelina, anapoonyesha filamu kwa kiingilio. Baridi ya Iringa mwezi wa sita haina adabu, inakuingia mpaka kwenye fizi. Nilikaa benchi la nje na chai ya tangawizi. Kuangalia filamu sikutaka. Filamu za kutisha niliziacha tangu walipoanza kuwavalisha watu ukanda wa shingoni. Zamani ukiogopa filamu ulikuwa unaogopa mwenyewe, hofu ni yako, unarudi nayo nyumbani kwako. Siku hizi unavaa ukanda, unaogopa kwa hofu ya mtu mwingine. Ni kama kuvaa soksi za mtu zikiwa bado na joto lake.

Spika ya Mama Adelina ilikuwa inarusha kipindi cha Zenobi Mtweve. Huyo ni kijana anayekaa Dodoma, kazi yake kusema filamu ipi nzuri na ipi mbovu, na kwa kazi hiyo anakula vizuri kuliko mimi niliyezeekea kwenye mashine ya mbao kule Mafinga. Siku hiyo alikuwa anachambua filamu mpya za kutisha, moja moja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

"Kisima cha Mkwe ni kelele tupu," alisema. "Mlango unabamizwa, paka analia, mlango unabamizwa tena. Mtoa hofu wao ni kijana anayeogopa kwa sababu amelipwa aogope, na mwili wa mtazamaji unajua. Nilivaa ukanda nikahisi jasho la mtu anayewaza chakula cha mchana."

Waliokuwa ndani wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kwa pua.

"Bibi Harusi wa Makaburini, jini lake zuri, mashine imelichora mpaka chunusi. Lakini hofu yenyewe ni viraka. Moyo wa mzee, tumbo la mtoto, taya la mtu wa tatu. Ukimwaga uji kwenye mchuzi hupati chakula cha namna mpya, unapata uchafu." Halafu akashusha sauti, na mtu huyo si wa kushusha sauti. "Lakini Anayehema, jamani. Picha zake za kawaida kabisa. Chumba, dirisha, mvua, mwanamke amelala. Jini hakuna. Ila hofu iliyomo ni ya mtu mmoja, mwanzo mpaka mwisho, haikukatwa mahali. Inapanda kama maji yanavyopanda ndani ya nyumba. Na pale unaposema sasa moyo unapasuka, linakuja joto kwenye kiganja cha kulia. Kama mtu amekushika mkono. Hofu haiishi, lakini inapata mahali pa kukaa. Sijawahi kukutana na kitu kama hicho. Bodi ya Vipimo vya Hofu imeipa daraja la kwanza, na safari hii Bodi haikukosea. Mtoa hofu ni marehemu Konsolata Semhapa wa Iringa. Tunamshukuru mume wake kwa kutoa kibali."

Chai niliishika vilevile. Mkono ndio ulikuwa hautaki kuachia.

"Mama Adelina," nikaita, "mume wa Konsolata ni nani?"

Akatoa kichwa mlangoni. "Mzee Kihwele, umelewa? Si wewe!"

"Mimi sijatoa kibali chochote."

Akanitazama, akatazama spika, akanitazama tena. "Basi yupo aliyetoa," akasema, akarudi ndani taratibu kama mtu aliyekanyaga kitu.

*

Niseme ilivyo, maana wakubwa wanapenda kulifanya jambo hili liwe gumu ili tusiulize.

Mashine inaweza kukuchorea jini lenye vichwa kumi kabla hujapiga chafya. Kitu kimoja haiwezi: haiogopi. Na filamu isiyo na hofu ya mtu wa kweli, ukanda unakaa shingoni kama kamba tu. Kwa hiyo wanatafuta waoga. Wanashona uzi mwembamba kwenye ukosi wa nguo, unagusa shingo kwa nyuma, nao unanyonya kila kitu, mapigo ya moyo, tumbo, taya, viganja. Baadaye wanaumwaga kwenye filamu.

Konsolata wangu alikuwa mwoga wa kuzaliwa. Aliogopa radi, aliogopa kisima, aliogopa simu ikiita alfajiri. Lakini kinyonga! Akimwona kinyonga kwenye ua alikuwa anakunja gauni kwa mkono wa kushoto, anaruka kama binti wa miaka kumi, "Yesu wangu na mama yake!", halafu anasimama mbali anacheka machozi yakimtoka. Studio ya msituni Mafinga ilipomsikia ilimfuata mpaka mlangoni kwa gari. Mimi nilikataa. Yeye akasema, "Baba, mimi nimeogopa bure maisha yangu yote, ngoja angalau mara hii hofu yangu ifanye kazi." Wakampa sweta la samawati lenye uzi kwenye ukosi.

Nani alipanga kwamba mtu anaweza kutoa hofu mara nane kwa mwaka bila madhara? Bodi. Walimjaribu nani mpaka mara ya nane? Hakuna anayejua. Alhamisi moja mwezi wa pili, mvua inanyesha, moyo wa Konsolata ulisimama akiwa kitandani kwetu, na sweta lile mwilini, maana alilipenda, lilikuwa zito. Mimi nilikuwa Mafinga napasua mbao. Bodi ikasema ni sababu za kawaida. Rambirambi yao mpaka leo iko njiani.

Na uzi hauna akili ya kujua kwamba hapa si studio. Ulinyonya yote mpaka mwisho.

Sasa fikiria. Hofu ya mke wangu mimi niliijua kwa nje tu, kama mtu anavyoijua nyumba anayopita barabarani. Niliona gauni linavyokunjwa, nilisikia kelele. Ndani sikuwahi kuingia. Na sasa kila kijana mwenye nauli ya kufika kwa Mama Adelina anaingia, anakaa, anatoka anajifuta jasho, anasema "kali sana hiyo." Huyo Mtweve aliongea kuhusu mke wangu kama anasifia pilau la harusini. Mpaka kiganja chake anakijua.

*

Aliyelichukua sweta nilimjua, na mtaa mzima wa Kihesa unamjua, maana alilichukua mbele ya watu mchana kweupe.

Osmundi Komba ni Mngoni, fundi pampu, nyumba yake na yangu zinatenganishwa na uzio wa mianzi. Sisi Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba wajukuu watachekana. Kwa hiyo kwenye msiba wetu Mngoni ana haki zake. Anaziba njia jeneza lisipite. Anachukua kitu cha marehemu, nawe unakikomboa kwa jogoo au kwa chochote atakachotaja. Anamwigiza marehemu, watu wacheke katikati ya kulia. Na ukimkasirikia, umemtukana yeye na babu zake.

Siku ya mazishi Osmundi alitoka ndani amevaa sweta la Konsolata. Akaona kinyonga ambaye hayupo. Akakunja gauni ambalo hakuvaa, kwa mkono wa kushoto. Akaruka. "Yesu wangu na mama yake!" Halafu akasimama mbali, akacheka kile kicheko cha Konsolata. Wanawake walianguka. Dada yake Konsolata alicheka mpaka wakamshika. Mimi peke yangu nilikaa nimekunja uso, nawaza neno moja: huyu aliyaangalia lini haya yote, mpaka akajua ni mkono wa kushoto?

Jumanne ile, nilipotoka kwa Mama Adelina, nilimkuta uani kwake, pampu imefunguliwa kwenye gunia.

"Kamwene, mlinzi wa mke wangu!" akanisalimu kwa kilugha chetu. "Mbona umenuna? Mbwa wa leo hakuiva?" Wangoni hawachoki kusema Wahehe tunakula mbwa.

"Leo sina utani, Osmundi. Sweta liko wapi?"

Akaweka spana chini. "Kumbe umesikia redio."

"Liko wapi?"

"Nilikaa nalo, mtani. Nikangoja uje na jogoo wako. Mwezi ukapita, mwingine ukapita, hata kifaranga sikuona. Nikajisemea, Mhehe huyu bahili, hebu niwapelekee studio, huenda wao ndio watanipa jogoo. Utani tu! Nikapanda gari mpaka Mafinga. Wakanisimamisha mbele ya mashine yao, ikaniuliza, wewe ni nani wa marehemu?"

"Ukasemaje?"

"Nikasema kama ninavyosema siku zote. Kama nilivyosema mbele ya padri siku mnafunga ndoa, mpaka yeye mwenyewe akacheka. Nikasema mimi ndiye mume wake, yule Kihwele ni mlinzi tu, tunamlipa kwa ugali." Akajipangusa mikono kwenye suruali. "Nikasubiri wacheke. Hakuna aliyecheka. Mashine ikawaka kijani. Binti mmoja akanishika bega akaniambia pole sana mzee wangu. Wakanipa soda."

"Na ukanyamaza."

"Nilicheka njia nzima! Nikasema nikifika tu namwita Kihwele namsimulia, atacheka mpaka achomoke jino. Halafu nikakuona pale kwenye uzio, umesimama, unaangalia kamba ya kuanikia nguo. Nikasema, basi, kesho." Akainua mabega. "Ikawa kesho kila siku."

"Na sasa wanamvaa shingoni nchi nzima."

"Twende tukaseme ukweli," akasema Osmundi. "Mashine ilikosea. Twende mimi niikane ndoa, nawe uniletee jogoo wangu."

Alisema jogoo, lakini hakutabasamu.

*

Ofisi ya Bodi iko Gangilonga, hapahapa Iringa, na ina zulia. Afisa wetu alikuwa Bi. Lutengano Mwinuka, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, sauti ile wanayofundishwa ili mtu akose pa kuanzia ugomvi. Alinikaribisha vizuri. Ningependa kusema alikuwa mkali, lakini hakuwa.

"Baba Kihwele," alisema, "kwanza pole. Mimi mwenyewe niliiona filamu. Nililia."

"Na wewe ulimvaa?"

Akainamisha macho. "Ni sehemu ya kazi yetu."

Hata afisa. Hata mwenye zulia.

Akatueleza kuhusu mashine yao, Kipimasauti, kiboksi cheusi chenye taa mezani, kama kile kilichomhoji Osmundi kule Mafinga. Ni ndugu wa ule uzi. Mwongo huogopa, alisema. Hata akiwa bingwa, nyuma ya sauti kuna mtetemo mdogo, sikio la mtu haliupati. Kipimasauti kinaupata. Asiye na mtetemo hasemi uongo. Bodi ilipitisha hivyo, Bunge likapitisha, tangu hapo haiulizwi hati wala shahidi.

"Na mtu akitania?" nikauliza.

"Akitania?"

"Mtani wa marehemu akisema ni mume wake. Haogopi, kwa sababu hadanganyi, na hasemi kweli pia. Anatania. Hapo taa inawaka rangi gani?"

Bi. Mwinuka alifungua faili mezani akalifunga. Niliona kabisa kwamba hilo halikuwamo kwenye mafunzo. Nchi hii, yenye watani kila msiba, imeletewa mashine na watu waliokaa ghorofani mwaka mzima, na hakuna aliyeuliza hata mlinzi wa getini msiba unaendaje.

"Kuna mbili tu, baba," akasema mwishowe. "Kweli na si kweli."

"Basi nizungumze mimi," akasema Osmundi. "Niikane, yaishe."

Akasogezewa kiboksi. Mimi nilikuwa nimekaa ng'ambo ya meza, namwangalia usoni. Alikohoa.

"Mimi Osmundi Komba," alisema, "sikuwa mume wa Konsolata."

Taa ikawaka nyekundu.

Osmundi akakigonga kiboksi kwa kidole, na hata mlio ule haukufika mbali. Zulia linameza kila kitu.

"Rudia, baba," Bi. Mwinuka akasema kwa upole. "Kunywa maji kwanza."

Akanywa. Akarudia. "Sikuwa mume wake. Hakuwa chochote kwangu ila mtani."

Nyekundu.

"Inasema nini hiyo?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Inasema kuna mtetemo."

"Mtetemo gani!" Osmundi akapandisha sauti. "Mnaniweka mbele ya serikali, huyu hapa ananitazama kama anapima sanduku langu la kuzikia, nisitetemeke? Angalia macho yake, mama! Wewe ungetetemeka au usingetetemeka?"

"Uliposema ni mume wake hukutetemeka," nikamwambia.

"Kwa sababu nilikuwa nacheka!"

"Hata kidogo hukutetemeka."

"Kihwele," akasema, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu aniite kwa jina bila kuongeza tusi la utani mbele au nyuma. "Kihwele, usifanye hivyo."

Bi. Mwinuka aliona mambo yanaelekea pabaya akainua mkono. Akasema kuna njia nyepesi. Kwa sheria ilivyo, mume ndiye mwenye kibali, na mwenye kibali anaweza kukiondoa. Osmundi tayari yumo kwenye mashine kama mume. Hana haja ya kukana chochote. Aseme neno moja tu, futeni, na hofu ya Konsolata itafutwa kwenye kila kibanda, kila ukanda, leo hii hii, na uzi wenyewe utachomwa mbele yetu.

"Nyepesi kabisa!" Osmundi akafurahi. "Niseme?"

"Ukifuta," nikasema, "unafuta kama nani?"

Wote wawili wakatazamana.

"Nauliza. Unafuta kama nani wake?"

"Kama mume, baba," Bi. Mwinuka akajibu. "Kwenye mashine."

"Basi usiseme."

"Mtani, neno moja tu, Konsolata anapumzika."

"Usiseme!" Nilisimama. Sijui nilikuwa nimemkasirikia nani kwanza, yeye, mama yule, au wale wa ghorofani. "Mke wangu hatapumzishwa na mume wa kubandika. Na mimi niko hai, nimekaa hapa."

Nilitoka. Nilipofika getini ndipo nilipokumbuka jambo la pili, na lilikuwa zito kuliko la kwanza. Uzi ukichomwa, joto lile la kiganjani linachomwa pia. Nami nitabaki na taa nyekundu mpaka naingia kaburini, bila kujua ulikuwa mkono wa nani.

*

Jumamosi mchana nilienda kwa Mama Adelina, nikalipa kiingilio kama watu wengine. Osmundi alikuwa ameshafika. Sikumwalika. Alikaa kwenye benchi langu upande wa kulia, ukanda hakuvaa. Alisema anataka kuona picha tu.

Kibanda kilijaa. Kabla ya kuanza vijana walikuwa wanabishana, maana wachambuzi nao walikuwa wameanza kugombana huko redioni.

"Lile joto ni mume wake," msichana mmoja wa mbele alisema. "Mtweve kasema."

"Mtweve mlaini. Yule mama mchambuzi wa Arusha kasema ni hitilafu. Hofu ikizidi ukanda unapata moto, basi, watu mnalia kwa ajili ya betri."

"Betri ishike kiganja cha kulia tu? Akili yako ndiyo betri!"

"Mimi nasema malaika."

"Malaika kiganja chake kina joto? Unamjua?"

"Angekuwa malaika hofu ingekwisha. Hii haiishi. Ni mtu tu. Mtu ndiye anakushika na bado hana la kukusaidia."

Huyo wa mwisho sikuona ni nani. Nilitamani kumpiga kofi, na nilitamani aendelee. Walikuwa wanamjadili mke wangu mbele yangu na walikuwa wanamjua kwa namna ambayo mimi simjui. Nikafunga ukanda shingoni.

Picha ni kama Mtweve alivyosema. Chumba, dirisha, mvua. Hata si chumba chetu, mashine ilichora kizuri zaidi. Mwanamke amelala, na mahali fulani ndani ya nyumba kuna kitu kinachohema.

Halafu akaja.

Sina shule ya kulieleza jambo lile. Lilianza tumboni, dogo, nami nikalitambua hapohapo, kama unavyotambua kikohozi cha mtu wako kwenye umati. Ni yeye. Ile hofu ya kinyonga ilikuwemo chini kabisa, ndogo, karibu ya kuchekesha, na juu yake nyingine, na nyingine, zimepangwa kama nguo kwenye sanduku. Alikuwa anajua kinachotokea. Hilo ndilo hawakuniambia. Moyo ulikuwa unachelewa, yeye anausikiliza, anangoja kila pigo kama mtu anayengoja mlango ugongwe tena. Na katikati ya yote alikuwa anatega sikio upande wa barabara. Upande wa gari la Mafinga. Siku ya Alhamisi, wakati mimi narudi Jumamosi.

Nilitaka kuuvua ukanda. Mkono ulifika shingoni ukashindwa.

Maji yale ya hofu yakapanda. Yakafika kidevuni. Watu kibandani wakaanza kuhema wote pamoja, wageni wale, vifua vyao vyote vimejaa mke wangu. Sikuwahi kuwachukia watu namna ile, na sikuwahi kuwa karibu na watu namna ile.

Ndipo nilipogeuza macho, sijui kwa nini, nikamwangalia Osmundi.

Hakuwa na ukanda. Alikuwa anatazama dirisha la kwenye picha, mvua inateremka kwenye kioo. Mkono wake ulikuwa juu ya goti. Na mkono ule ukafumba, polepole, vidole kimoja kimoja, kama unavyofumba juu ya kitu kidogo ambacho hutaki kukiumiza.

Halafu joto likaja kiganjani mwangu.

Aliufumba kwanza, joto likafuata. Naapa kwa kaburi lake. Lakini pia redio imesema mara mia joto linakuja mahali gani, mvua inapozidi kwenye kioo. Mtoto wa shule angejua wakati wa kufumba mkono. Na betri ni betri. Na joto lenyewe, nilipolipokea, halikuwa na jina. Lilikuwa mkono tu. Mkono uliomtuliza mke wangu nami ukanituliza. Hofu ikapata mahali pa kukaa, kama alivyosema yule kijana wa Dodoma, Mungu amlaani kwa kusema vizuri.

Filamu ikaisha. Watu wakatoka wanajifuta, wengine wanacheka kwa aibu. Mama Adelina akapita anakusanya kanda za shingoni, alipofika kwangu akaniacha. Tukabaki mimi na Osmundi kwenye benchi.

"Mtani," akasema bila kunitazama, "ukitaka nikaseme neno lile, nakwenda sasa hivi. Ukitaka nisiseme, sisemi mpaka nife. Uamuzi wako. Wewe ndiye... wewe ndiye mlinzi." Alijaribu kucheka. Kicheko hakikutoka.

Siku ya msiba aliniambia kwamba yeye alifika baada ya majirani, wakati watu wameshaanza kulia. Mbele ya watu wote alisema hivyo. Hakukuwa na mashine yoyote pale ya kumsikiliza.

Kama alisema kweli, basi Konsolata alikufa peke yake, anasikiliza barabara, na kiganja kile ni moto wa betri unaoliliwa nchi nzima. Kama alisema uongo, basi hakufa peke yake. Alikuwepo mtu. Alishikwa. Na mimi mumewe, mbele ya Mungu na ya padri yule aliyecheka, nilikaa kwenye benchi la kibanda umiza nisijue niombe lipi kati ya hayo mawili.

Sikumtazama machoni, ili asije akasema ametetemeka kwa sababu ya macho yangu. Niliangalia ukuta pale picha ilipokuwa. Nikamuuliza taratibu, kama mtu anavyomuuliza jirani habari za mvua, na mtani wangu anatazama ukuta uleule, mkono wake bado umefumba juu ya goti:

"Osmundi, ulikuwa wewe?"